Aliyeitikia Wimbo wa Mlango

Tangu Kabura wa Ndungu azikwe, redio imekuwa ikiupiga wimbo wake wa mlango kila Jumamosi, na mtangazaji husema kwamba alikuwa mwimbaji aliyesimama peke yake. Si kweli. Kabla ya sahani ile ya kwanza ya muziki Kabura hakuwahi kuimba peke yake hata siku moja. Aliimba na mimi. Naandika haya kwa kuwa nimeanza kuisahau sauti yake ya kawaida, ile ya kuomba chumvi kwa jirani. Nabaki na ile ya kwenye sahani tu, kama watu wengine wote.

Tulizaliwa Tetu, nje ya mji wa Nyeri, mashamba yetu yakitenganishwa na ua wa michongoma. Tulichuma kahawa pamoja tangu vikapu vilipokuwa vikubwa kuliko sisi, na mtu akichuma kahawa Tetu huimba, asipoimba vidole hukumbuka baridi. Kwetu wimbo si mali ya mtu mmoja. Kuna anayeuanzisha na kuna anayeupokea. Mwanzishi akitupa mstari wake na mstari huo usipate wa kuupokea, wimbo umeanguka, na aibu ni ya shamba zima. Hata wakwe wanapokuja na mahari, wanawake wao husimamishwa langoni waimbe, na wanawake wa boma huwajibu wakiwa ndani. Mstari usipojibiwa, lango halifunguliwi. Niliwahi kuona wageni wamelowa mvua na vikapu vyao vya ndizi kwa sababu shangazi mmoja alikataa kuwapokea mpaka wamsifu kwa jina.

Kabura alikuwa mwanzishi. Hakuna aliyemchagua. Alifungua tu kinywa, na ile sauti nzito, nzito kuliko mwili wake, ikatoka na kwenda hadi ng'ambo ya mto. Mimi nilipokea. Sauti yangu ilikuwa nyembamba na nyoofu, ya kupita chini ya yake bila kuigusa. Kanisani ilikuwa hivyo, kwenye harusi ilikuwa hivyo, na tulipokuwa wasichana wakubwa na Mutahi akatuchukua kwenye bendi yake, ilikuwa hivyo.

Mutahi alikuwa fundi wa redio wakati wa juma na mpiga gitaa siku za Jumamosi na Jumapili, kwenye hoteli moja karibu na stendi ya mabasi mjini Nyeri. Watu walikuja kula nyama ya kuchoma na kusikiliza nyimbo za Kikuyu, na za Kongo ambazo hatukuelewa maneno yake, na za soul kutoka Marekani, ambazo vijana walianza kuzitaka kuliko zote. Kabura alikuwa akiuza nguo katika duka moja mjini. Mimi nilikuwa nikifundisha shule ya msingi huko huko Tetu, bila cheti. Nilikuwa na kitu kimoja ambacho Kabura hakuwa nacho, nacho kilikuwa Kiingereza cha kidato cha nne. Yeye aliishia darasa la saba. Nilikitunza kitu hicho. Watu walipomtazama yeye, na walimtazama yeye siku zote, nilijiambia moyoni: haya, mwambieni awasomee barua.

Ndiyo maana wimbo wa mlango ulikuwa wangu kabla haujawa wake.

Niliusikia kwa Bipin, Mhindi aliyekuwa na duka la redio na sahani za muziki. Ulikuwa wimbo wa mwanamke wa Marekani, wa zamani kidogo hata wakati ule, na Bipin alisema kwao huko kila mtu anaujua. Mwanamke amemwambia mume aende zake. Amemfungia virago kwa mkono wake, akaviweka nje. Sasa ni jioni, na anauliza ni nani aliyefunga mlango. Niliganda pale penye kaunta. Nikamwomba Bipin anipigie tena, kisha tena, mstari mmoja mmoja, akiinua sindano na kuirudisha nami nikiandika.

Mama yake, Manorama, alikuwa ameketi nyuma ya duka juu ya kiti chake kirefu, akichambua dengu kwenye sinia. "Bipin! Sindano!" alipiga kelele. "Hii msichana namaliza sindano yangu yote!"

"Mama, hii mwalimu. Iko kazi."

"Kazi gani? Mwalimu nafundisha mlango?"

Nikayaweka maneno yote katika Kikuyu. Haikuwa rahisi, kwa kuwa Mwamerika yule hupiga kelele pale ambapo mwanamke wa kwetu angenyamaza. Lakini jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa kiitikio. Mwimbaji anauliza, "Nani alifunga mlango?" na wale wasichana wake nyuma wanaimba "uuu" tu. Uuu! Mtu ameulizwa swali anajibu kama njiwa? Tetu swali halijibiwi hivyo. Nikaandika jibu langu mwenyewe, ambalo halikuwamo katika wimbo wa Marekani: "Haukufungwa, umerudishwa tu."

Mstari huo mmoja ulikuwa wangu. Mengine yote niliyatoa kwa mtu.

Jumamosi ya kwanza tulipouimba hotelini, watu waliacha kutafuna. Kabura aliuliza nani alifunga mlango, nikamjibu kwamba haukufungwa, umerudishwa tu, na dereva mmoja wa lori kutoka Karatina akasimama na mfupa mkononi na kusema kwa sauti, "Sasa mimi naenda nyumbani." Watu walicheka sana. Lakini alienda kweli. Mutahi alisema hajaona wimbo unaoharibia hoteli biashara namna ile.

Baada ya siku chache Bipin alikuja kutusikiliza. Aliketi na soda yake mpaka mwisho, kisha akatuita wote watatu mezani.

"Binamu yangu Yogesh iko na studio Nairobi," alisema. "Mimi nataka kutoa hii mlango. Sahani ndogo, nyimbo mbili."

Nilimshika Kabura mkono chini ya meza.

"Jina gani tutaandika?" Mutahi aliuliza. "Jina ya bendi?"

"Hapana bendi. Bendi iko mingi. Sikia, mtu naingia duka, naona picha, nataka mtu moja. Nasema, nipe ile ya Kabura. Hawezi sema nipe ile ya Kabura na rafiki yake."

Hakuna aliyecheka. Bipin alinigeukia, na naamini alitaka kuwa mwema. "Wachuka, dada, sauti yako nzuri. Safi. Lakini iko sauti ya pili. Yogesh iko na wasichana wake huko wa kuimba nyuma. Si unajua, hiyo watu nalipwa kwa siku, iko tayari."

"Maneno ni yake," Kabura alisema.

"Tutaandika. Maneno, Wachuka Kingori. Ndogo, hapa chini."

Nilingoja Kabura aseme neno jingine. Nilingoja aseme kwamba asiyepokewa haimbi. Alitazama mkono wangu ulioshika wake, akautoa wake polepole ili anywe soda.

Njiani kurudi aliniambia, "Wakini, nitaongea naye tena." Wakini ni mtu wa rika lako, mliyekua naye. Tuliitana hivyo tangu utotoni.

"Usijisumbue," nilimwambia.

"Umekasirika."

"Nikasirikie nini? Sauti yangu si safi?"

"Si ni yeye alisema, si mimi."

"Na wewe ulisema nini?"

Alisema tu kwamba baridi imezidi, na kwamba itabidi aazime koti la kwenda nalo Nairobi. Alitaka koti langu la kijani. Nikampa. Hadi leo sielewi kwa nini nilimpa, isipokuwa kwamba sikutaka aseme nilimnyima.

Juma alilokaa Nairobi lilikuwa refu. Nilisimama mbele ya darasa nikiandika hesabu ubaoni, huku nikimwona amesimama katika chumba chenye zulia ukutani, ndani ya koti langu, akiimba maneno yangu. Nilimwomba Mungu ampe mafua. Sikuomba ugonjwa mkubwa, mafua tu, ya kuikausha sauti mpaka Yogesh aseme, hebu nani mwingine anaujua wimbo huu? Niliomba hivyo kwa unyenyekevu kabisa, nimepiga magoti kando ya kitanda. Nilijiambia pia kwamba wale wasichana wa Nairobi hawangeliweza jibu langu. Wangelitamka vibaya. Wengine huenda hata si Wakikuyu. Kisha nikafikiri, je, wakiliweza? Na hilo ndilo lililoniamsha usingizini.

Kabura alirudi bila mafua. Sahani ilikuja miezi michache baadaye, mvua ndogo zikiwa zimeisha, na Bipin akaweka spika kubwa nje ya duka kwenye baraza. Nilijua siku hiyo kwa kuwa Mutahi aliniambia. Sikutaka kuonekana, kwa hiyo nilisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la fundi viatu, kama mtu anayechagua kamba za viatu.

Gitaa halikuwa la Mutahi. Kulikuwa na ngoma, na kinanda cha umeme kilichovuta sauti kama kinanda cha kanisani. Kisha Kabura akaingia. Nitasema kweli, nilisahau kamba za viatu. Alikuwa Kabura yule yule, ila alikuwa karibu zaidi, kana kwamba amekuwekea mdomo sikioni. Watu walianza kusimama barabarani. Mwanamke mwenye gunia la viazi mgongoni alisimama bila kulitua.

Akafika kwenye kiitikio. "Nani alifunga mlango?" akauliza.

Hakukuwa na jibu.

Nilingoja wale wasichana. Hawakuimba jibu langu, hawakuimba hata ile "uuu." Kinanda kiliendelea peke yake kwa muda wa pumzi mbili, na ndani ya kinanda hicho mlikuwa na nafasi wazi, pana sawasawa na mstari wangu. Nilijikuta midomo yangu ikitembea. Kisha Kabura akaendelea kana kwamba amejibiwa.

Mara ya pili ilikuwa vile vile. "Nani alifunga mlango?" Kimya. Na katika kimya hicho mchukuzi mmoja wa mizigo, aliyekuwa ameegemea mkokoteni wake, akapaza sauti, "Ni mimi, mama! Samahani, kulikuwa na baridi!"

Baraza nzima iliangua kicheko. Mara ya tatu watu walikuwa wanaingoja nafasi ile. Mmoja alisema ni chifu aliyefunga. Mwingine akasema ni mama mkwe. Bipin, ndani ya duka, alikuwa akipakia sahani kwenye mifuko kwa mikono miwili.

Hivyo ndivyo ule wimbo ulivyopendwa. Watu wa redio wanasema ni kwa sababu ya sauti ya Kabura, nao hawakukosea, lakini sahani ya watu wengi ni ile inayowaachia wao mahali. Kila mji ulipata jibu lake. Baa za Karatina zilikuwa na jibu ambalo mwalimu hawezi kuliandika. Huko Kagio sokoni, wauza nyanya waliitikia, "Funguo ziko kwa dalali!" Mutahi alitoka Wang'uru, kule Mwea, akasema kwamba huko watu wa mpunga wanaimba, "Ni mbu! Fungeni upesi!" Na asubuhi moja niliingia darasani kwangu, nikawakuta watoto wamegawanyika pande mbili, wasichana wakiuliza na wavulana wakijibu, "Ni mwalimu Wachuka!"

Nilimwonea wivu kila mtu. Kabla ya hapo nilikuwa na mtu mmoja wa kumwonea wivu, na ilinitosha. Sasa nilimwonea wivu mchukuzi, na wauza nyanya, na mbu wa Mwea. Wote walikuwa wamesimama mahali pangu, na hakuna aliyejua kwamba mahali pale palikuwa na mwenyewe.

Lakini palikuwa na jambo jingine, nami nililificha hata kwa Mutahi. Nilianza kuamini kwamba nafasi ile iliachwa kwa ajili yangu. Kabura angeweza kuwaambia wasichana wa Yogesh waijaze. Hakuwaambia. Kila niliposikia kimya kile kwenye dirisha la mtu nilijiambia, ananiita. Nilitaka anithibitishie hilo kwa mdomo wake. Kama angesema, "Ndiyo, wakini, ni wewe," basi wangeweza kumwandika kwa herufi kubwa kama nyumba.

Alikuja kwao Tetu Ijumaa moja, na mama yake, mama Ngendo, akamtuma mtoto wa jirani aniite nije kusaidia kumenya viazi. Kabura aliketi kwenye kigoda jikoni, amevaa wigi, na wigi lile amelifunga leso lisiingie moshi. Koti langu la kijani lilikuwa msumarini. Alikuwa amekuja kulirudisha, likiwa na kifungo kimoja kipya.

"Sasa tunamenyewa viazi na watu wa sahani," nilisema.

"Menya bwana, acha maneno. Maitu, mama, huyu ananicheka."

"Na akucheke," mama Ngendo alisema, akikatakata majani ya malenge. "Umekuja na kichwa cha farasi nyumbani kwangu. Nilikuzaa na nywele."

Tulicheka wote watatu, ikawa kama zamani kwa kitambo. Kisha mama Ngendo akatoka kwenda kukamua ng'ombe, nami nikaona nisipouliza wakati huo sitauliza tena.

"Kabura, ile nafasi kwenye kiitikio."

"Hiyo!" Alipiga goti lake. "Umesikia wanavyojibu? Ati mbu!"

"Wasichana wa Yogesh walikosa nini?"

"Hawakukosa. Walifundishwa 'uuu,' wakaimba 'uuu' yao wakati mimi naimba. Mimi nikinyamaza nao wananyamaza, wananitazama. Yogesh akasimamisha mitambo. Akafoka, mbona unanyamaza, hii ni bei ya dakika! Tukarudia. Nikanyamaza tena. Mara ya tatu akasema, basi, acha hivyo, wimbo wa Waafrika labda uko hivyo."

"Kwa nini ulinyamaza?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kwa kweli, kisu kimesimama juu ya kiazi. Kama alitaka kusema uongo wa kunifurahisha, alikuwa na nafasi.

"Nilizoea," alisema.

"Ulizoea nini?"

"Kupumzika, wakini. Ukifika pale mimi ninameza mate, ninavuta pumzi. Kifua kimezoea. Nilisimama mbele ya ile maikrofoni, kifua kikaniambia, pumzika."

Akaendelea kumenya. Hakujua amesema nini. Miaka yote ile, kanisani, shambani, hotelini, nilikuwa nadhani tunaimba wawili. Kumbe aliimba, akapumzika, akaimba. Mimi nilikuwa kule kupumzika kwake.

"Jumapili tuko na onyesho la mchana mjini, ukumbi mkubwa," alisema. "Bipin anataka niimbe na bendi ya Mutahi. Njoo upokee. Nimemwambia lazima."

"Lazima kwa nani?"

"Kwangu. Wachuka, usinifanye hivyo. Njoo."

Nilikwenda. Nilivaa lile koti la kijani, kisha nikalivua mlangoni, watu wasije wakadhani nimeazima la kwake.

Ukumbi ulijaa kabla ya saa nane. Vijana wa sekondari, makarani, wauguzi waliotoka zamu, wasichana wenye viatu vya visigino virefu kama matofali. Kando ya jukwaa palikuwa na chumba kidogo, na humo mama Manorama aliwekwa kulinda makasha ya sahani za kuuzwa. Bipin hakumwamini mtu mwingine. Kutoka mle ndani mtu alisikia kila kitu, lakini hakuona chochote isipokuwa ukuta.

Bipin alinivuta kando kabla hatujapanda. "Wachuka, wewe imba. Lakini usishangae, watu napenda jibu yao. Acha wafurahi."

Nilipewa maikrofoni ya nyuma, iliyokuwa ya mpiga tarumbeta, imefungwa na utepe shingoni. Kabura alisimama mbele. Tuliimba nyimbo nyingine kwanza, na zilikwenda vizuri, lakini kila mtu alikuwa anangoja. Mutahi alipopiga zile noti za kwanza za mlango, ukumbi ulipiga kelele mpaka mabati yakatetemeka.

"Nani alifunga mlango?"

Niliimba. Niliimba kwa nguvu zangu zote, haukufungwa, umerudishwa tu, na sikujisikia hata mimi mwenyewe. Watu mia kadhaa walikuwa wamejibu chifu, mama mkwe, mbu, dalali, na kijana mmoja mbele alikuwa amesimama juu ya kiti akijibu jambo la aibu. Mara ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Niliona mgongo wa Kabura ukicheka. Nilifikiria kuiweka maikrofoni chini na kwenda zangu.

Ukaja ubeti wa mwisho. Watu walikuwa tayari, vinywa wazi. Kabura hakuuliza. Alichukua maikrofoni yake, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akasimama begani kwangu, upande wangu uliokuwa mtupu siku zote. Kisha akaimba mstari wangu.

"Haukufungwa," aliimba, "umerudishwa tu."

Ukumbi ulinyamaza. Wengi hawakuwahi kuyasikia maneno yale. Jibu lilikuwa limetangulia swali, na watu hawakujua la kusema. Mutahi alizirudia noti zake mara moja, akaniangalia, akazirudia tena. Kabura naye alinitazama. Nilielewa. Alikuwa amekaa mahali pangu ili mimi nikae mahali pake. Nisipotupa swali, wimbo umeanguka.

Nikauliza, "Nani alifunga mlango?"

Nilikuwa nimeota jambo hilo tangu tukiwa na vikapu vya kahawa. Sauti yangu ilitoka safi, kama alivyosema Bipin. Ilitoka kama ninavyoita majina ya wanafunzi asubuhi. Haikufika hata safu ya tatu.

Na Kabura akanipokea. Sijui niielezeje. Miaka yote nilikuwa nikiimba mstari ule kama habari: mlango haukufungwa, umerudishwa, asante. Yeye aliuimba chini, karibu kunong'ona, na alipofika kwenye "tu" akaivuta na kuikunja kidogo. Ndani ya neno hilo dogo nikamwona mwanamke aliyeinuka kitandani zaidi ya mara moja kwenda kuhakikisha kwamba komeo halijaanguka. Alikuwa anamsihi mtu, na alikuwa anaona haya kusihi. Hayo yote yalikuwamo katika maneno yangu. Mimi niliyaandika na sikuyaona.

Watu hawakupiga makofi mara moja. Msichana mmoja mbele alikuwa ameziba mdomo. Kisha zikaja kelele kama za mvua ya mawe, na watu wakawa wanaita jina la Kabura, Kabura, Kabura.

Tulishuka kupumzika. Tuliingia katika kile chumba kidogo, Kabura akiwa mbele akijipangusa jasho kwa leso, ameng'aa, anacheka. "Wakini! Umeona tulivyowanyamazisha? Yule wa kwenye kiti aliketi!"

"Uliwanyamazisha," nilisema.

"Tuliwanyamazisha."

Nilitaka kumpiga. Alikuwa amenipa alichokuwa nacho chote mbele ya mji mzima wa Nyeri, na katika kunipa akanionyesha kwamba hata kile kidogo kilichokuwa changu kilimkaa vizuri kuliko mimi. Angeninyima, ningemchukia kwa amani.

Mama Manorama aliinuka kutoka kwenye kasha. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimpita Kabura, akaja kwangu, akanishika mikono yote miwili. Yeye alijua jambo moja tu, kwamba Kabura huuliza na Wachuka hujibu. Aliwahi kuletwa hotelini na Bipin akatuona hivyo, na nyuma ya ukuta ule hakuona tulivyobadilishana.

"Mtoto," alisema. "Ile mwisho. Ile ya kujibu polepole. Mimi nakaa hapa, nalia kama mjinga. Baba yake Bipin alikwenda, mimi pia nilifanya hivyo na mlango. Wewe najua namna gani?"

Kabura aliacha kujipangusa. Nilimwona kwa pembe ya jicho, leso imesimama shavuni. Kulikuwa na nafasi pale, ya kutosha mtu kusema, mama, si huyu, ni mimi.

"Asante, mama," nilisema.

Mama Manorama alimgeukia Kabura. "Hii rafiki yako nashinda wewe, sikia? Usikasirike."

"Sikasiriki, mama," Kabura alisema. Alinitazama kidogo tu. "Maneno ni yake."

Nje Mutahi alianza kupiga noti za kutuita. Watu walikuwa wakigonga sakafu kwa miguu, wakitaka mlango tena. Kabura alikunja leso yake, akalirekebisha wigi, akaufikia mlango na kunishikia uwe wazi.

"Twende, wakini."

"Tangulia," nilimwambia.

Alingoja kidogo. Kisha akatoka, na kelele zikampokea. Mimi nikavuta kreti ya soda, nikaketi kando ya mama Manorama, ambaye bado alinishika mkono mmoja. Ng'ambo ya ukuta nilimsikia Kabura akianza.

"Ile ya kujibu," nikamwambia mama Manorama. "Uliipenda wapi hasa?"